Mama mwenye nyumba kapangisha kwa mtu mwingine, kodi yangu iliyobaki kala, depoziti kala, halafu eti ananidai elfu 20

Wakuu naombeni mnisikilize maana hii nikikaa nayo nitapasuka.

Nilipanga nyumba Dar, vyumba viwili na sebule, laki tatu na nusu kwa mwezi. Masharti yaleyale tunayoyajua, kodi miezi 6 mkononi, depoziti ya mwezi mmoja juu yake, dalali na yeye anataka mwezi wake, kwa hiyo sijaingiza hata godoro ishanitoka 2,800,000. Sawa, mji ndo ulivyo, nikalipa.

Mwezi wa tatu toka niingie humo, kazini wakanihamishia Dodoma. Mkataba ninao, umegongwa muhuri serikali ya mtaa, na umeandikwa wazi kabisa kwamba upande wowote unaweza kuuvunja kwa notisi ya maandishi ya mwezi mmoja na depoziti inarudi mpangaji akikabidhi nyumba, zikitolewa gharama za alichoharibu. Nikaandika notisi, nikampelekea mwenyewe mkononi, akasaini nakala yangu na kunibariki juu, "nenda mwanangu, kazi ni kazi". Mwezi wa notisi nikaumalizia mlemle ndani. Ikabaki miezi miwili ambayo nishalipia, laki saba hiyo, nikasema poa, nyumba ikikaa tupu aile tu, sitaki ugomvi na mtu mzima.

Wiki haijaisha jirani ananiambia kirikuu ishashusha vitu, mpangaji mpya kaingia na kalipa miezi sita. Aliyemleta? Dalali yuleyule!! Yaani miezi miwili ileile imelipiwa na watu wawili, na dalali kavuna mara mbili kwenye mlango mmoja.

Nikapiga. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, mama naomba basi ile depoziti. "Mwanangu hela ya kodi hairudi." Mama siyo kodi, ni depoziti. "Haya ngoja nipige mahesabu." Mahesabu yakaja kwa meseji: rangi nyumba nzima 180,000, kitasa 80,000, sinki la jikoni 60,000, usafi 50,000. Jumla 370,000. Depoziti imeisha na bado nadaiwa 20,000, "ila hiyo nimekusamehe mwanangu".

AMENISAMEHE jamani.

Kitasa cha mlango wa mbele nilinunua mimi kwa hela yangu kwa sababu cha kwake kilikuwa hakifungi na nimekiacha palepale, mpangaji mpya anakitumia sasa hivi. Sinki nimelikuta lina ufa, picha ninayo kwenye simu na tarehe yake. Rangi imebanduka upande mmoja tu, ule wa bafuni, maji yanavuja ndani ya ukuta na nimemlalamikia hilo kwa meseji zaidi ya mara moja, fundi hakuja hata kuchungulia. Hivi miezi minne mtu unachakazaje rangi ya nyumba nzima, nilikuwa nafuga mbuzi sebuleni? Na muda wote huo elfu moja na mia tano ya kodi ya jengo inakatwa kila mwezi kwenye umeme wa LUKU nilionunua mimi, wakati jengo ni lake, na sikuwahi kumwambia anirudishie hata senti.

Nimeenda kusoma Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Kifungu cha 73 kinasema aliyevunjiwa mkataba anafidiwa hasara aliyoipata, na inaangaliwa pia alikuwa na njia gani ya kuipunguza. Sasa huyu mkataba wenyewe sijamvunjia kinyemela, nimefuata kipengele chake, na nyumba haijakaa tupu hata mwezi. Hasara ipo wapi hapo? Mimi naona faida tupu.

Mwenyekiti aliyegonga muhuri na kuchukua hela ya muhuri anasema "mkaelewane". Simu yangu siku hizi mama hapokei, nikitumia namba ngeni anapokea, akisikia sauti mtandao unasumbua.

Ninachotaka kujua kwa waliopitia. Najua baraza la kata toka mwaka 2021 kazi yake kwenye migogoro ya ardhi ni kusuluhisha tu, wana siku 30, ikishindikana ndo unaenda baraza la ardhi na nyumba la wilaya. Sasa depoziti inaingia huko, au hili ni deni la kawaida natakiwa niende moja kwa moja mahakama ya mwanzo? Maana mimi nipo Dodoma, treni ya SGR ya kawaida 31,000 kwenda tu, shauri likiahirishwa mara kadhaa nauli imemaliza depoziti yote, na mama hilo analijua vizuri sana. Kuna mdogo wangu anakaa Mbagala, hukohuko Dar, yuko tayari kusimama badala yangu. Nimwandikie barua ya namna gani ili wamkubali? Na ile laki saba niiunganishe humohumo au niidai peke yake? Maana sasa hivi hata hiyo siiachi.