Riwaya za Australia zinaota ukungu, tufanyeje?

Mdau wa Chumbageni: Wadau wa Tanga, kwenye kabati letu la waandishi wa Australia, Voss ya Patrick White (ndiyo iliyopata tuzo ya kwanza ya Miles Franklin, 1957) imeota ukungu jaladani. Niianike juani?

Fundi Majalada: Jua hapana, kaka! Gundi inakauka, mgongo unapasuka. Kisimamishe kivulini penye upepo, kurasa zimeachana kidogo, siku 2 au 3. Ukungu ukishakauka, vaa barakoa, uupanguse nje kwa brashi laini. Kitambaa kibichi kinausambaza tu.

Bi Raskazone: Na kabati lisigusane na ukuta, acha hata sentimita 5. Masika kuta hizi zinanyonya maji. Mifuko ya nailoni ndiyo mibaya kabisa: unyevu unabaki humo humo.

Mdau wa Chumbageni: Kumbe! Nailoni naivua leo.