Geji huyumba kila taa za boti zinapowashwa

Swali: Wakuu, habari za kazi. Boti yangu ya faibaglasi, ninayoitumia kati ya Kilindoni na Nyamisati, ina umeme wa volti 12. Kila ninapowasha taa za usiku, geji ya mafuta na ya joto la injini huyumba kwa pamoja, ilhali betri ni nzima na fyuzi hazijaungua. Nianzie wapi?

Jibu: Mkuu, ni nadra geji mbili kuharibika kwa mpigo, kwa hiyo tafuta kinachoziunganisha, ambacho mara nyingi ni waya hasi wa pamoja nyuma ya deshibodi. Taa zikiwa zinawaka, gusisha ncha moja ya multimita (kipima umeme) kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye hasi ya geji. Ikisoma zaidi ya nusu volti, kuna kiungo kibovu njiani.

Jibu: Naunga mkono. Chuna pia ganda la waya karibu na kiungo. Ukikuta shaba nyeusi au yenye unga wa kijani, kata mpaka ufikie shaba safi, kwani kupiga msasa terminali (kichwa cha chuma mwishoni mwa waya) pekee ni kujisumbua. Waya mpya uwe wa shaba iliyopakwa bati.

Muulizaji: Ahsanteni. Imesoma volti 1.4, na nilipohamishia ncha upande wa pili wa skrubu ya kiungo, ikashuka karibu na sifuri. Kiungo hicho nakikata kesho.