Mjadala: Filamu za zamani za ndege za manowari za Uingereza, zitiwe rangi au ziachwe zilivyo?

Msukani
Wadau, siku hizi mtandaoni zinazagaa zile filamu za habari zilizokuwa zikioneshwa sinema Uingereza, hasa za ndege zikitua kwenye manowari, zikiwa zimetiwa rangi, zimeongezwa fremu hadi 60 kwa sekunde na kuwekewa muungurumo mpya. Malighafi haina shida kupatikana: British Pathé, kampuni ya filamu za habari, peke yao waliweka YouTube filamu zipatazo 85,000 mwaka 2014. Swali langu: huku ni kufufua au kughushi?

Mimi nasema kughushi. Kamera ilipiga fremu 24 kwa sekunde. Ukipeleka 60, angalau 36 kati ya hizo ni za kubuni. Tazama rafadha: ikizunguka mara 1,200 kwa dakika, inageuka kama nyuzi 150 za duara ndani ya sehemu 1 ya 48 ya sekunde, yaani muda ambao fremu moja inapata mwanga. Kwa hiyo kwenye mkanda halisi unaona ukungu wa duara tu. Programu haijui ukungu ule ni chuma. Inauchanganya na anga iliyo nyuma yake, na panga zinaanza kupinda kama tambi.

Pweza
Mkuu, naomba kutofautiana. Hiyo "asili" unayoilinda ilipikwa tangu siku ya kwanza. Wapiga picha wengi walipanda melini na kamera za mkono zisizorekodi sauti. Eyemo ilibeba mkanda wa futi 100, Newman-Sinclair futi 200. Filamu ya milimita 35 inakula futi 90 kwa dakika, kwa hiyo Eyemo ilikupa sekunde 67 na ukabadilishe mkanda huku upepo wa sitaha unakupiga. Muungurumo uliongezwa studio kutoka maktaba ya sauti, muziki ukapandishwa juu, kisha mtu kama Bob Danvers-Walker wa Pathé akasoma maelezo kwa ile sauti ya kuchangamsha umma. Injini unayoisikia chini ya picha ya ndege ya Swordfish si lazima iwe ya Swordfish. Sasa mwenzetu wa leo akiweka sauti ya Pegasus, injini ya Swordfish yenyewe, nani mwongo zaidi?

Msukani
Sauti ile ya studio, hata kama si ya ndege ile, ni ushahidi wa jinsi umma wa Uingereza ulivyolishwa habari za vita mwaka 1941. Ukiifuta umefuta nusu ya hati.

Mkasi
Mnagombania rangi na sauti, lakini hasara kubwa inatokea kabla ya hapo, kwenye usafishaji.

Mikanda ya kabla ya mwanzo wa miaka ya 1950 mingi ni ya naitreti, aina ya plastiki ya zamani. Inashika moto upesi, na ikishawaka huwezi kuizima kwa kuifunika, kwa sababu inajitengenezea oksijeni yenyewe. Ikizeeka inanata, mwishowe inakuwa unga wa kahawia. Iliyosinyaa kwa asilimia moja hivi matundu yake hayakai tena kwenye meno ya mashine ya kawaida, kwa hiyo inaskaniwa kwa mashine isiyotumia meno. Hadi hapo ni kazi ya kawaida ya maktaba.

Baada ya kuskani mtu anawasha kifuta-mikwaruzo na kwenda kunywa chai. Programu inatafuta vitu viwili: mstari mwembamba uliosimama wima fremu baada ya fremu, na doa linalotokea fremu moja tu kisha linatoweka. Sasa Swordfish ni ndege ya mabawa mawili, imefungwa nyaya toka bawa la juu hadi la chini. Ikipigwa picha kwa mbele, baadhi ya nyaya zile kwa programu ni mikwaruzo. Matone ya maji ya bahari yanayoruka juu ya sitaha ni vumbi. Taa ya ishara inayomweka mara moja, vumbi pia.

Dawa ipo, ila inachosha: unaweka nguvu ya kifutio chini, unachora kinga juu ya ndege na sitaha katika kila shoti, mikwaruzo iliyobaki unaiondoa kwa mkono. Na skani ghafi hufuti.

Chaza
Kwenye rangi kuna kosa moja linalochefua. Kwenye filamu nyeusi na nyeupe, nyekundu na buluu ya alama ya duara inayochorwa kwenye ndege za Uingereza mara nyingi hutoka kijivu kinachokaribiana. Akili mnemba imefundishwa kwamba duara la Uingereza lina kitone chekundu katikati, basi inapaka nyekundu kila mahali. Ndege za kikosi cha Uingereza kilichopigana Pasifiki mwaka 1945 hazikuwa na nyekundu hata chembe. Iliondolewa makusudi, maana jua jekundu ndilo lilikuwa alama ya ndege za Japani, na mpiga mzinga wa upande wako mwenyewe hangoji kuhakikisha. Yaani kompyuta inairudishia ndege kitu ambacho kingeifanya itunguliwe!

Pweza
Hapo nakubali. Lakini hilo ni kosa la fundi asiyesoma, rangi yenyewe haina hatia. Swordfish au Seafire ya mwaka 1943 inajulikana: kijivu cheusi cha bahari na kijivu cha mawe juu, chini kijani kilichopauka. Kanuni zake ziliandikwa. Mwanafunzi wa leo wa Tanga au Kisumu akiona kijivu kitupu anapita bila kusimama.

Msukani
Na wanaokata picha ijae skrini pana? Fremu ya zamani ni 1.37 kwa 1. Ukiikata iwe 16:9 unatupa karibu asilimia 23 ya kimo. Kinachotupwa chini ni kulabu ya mkiani, ndiyo hiyo inayodaka waya wa sitahani. Wakati mwingine hata miguu ya mwongozaji wa kutua mwenye vibao viwili inakwenda.

Chaza
Afadhali miguu kuliko mikono. Wakati wa vita, mwongozaji wa Uingereza akiinua vibao alimwamuru rubani apande. Wa Marekani akiinua alimwambia "uko juu mno", yaani ashuke. Uingereza ilihamia mfumo wa Marekani baada ya vita. Sasa kuna wanaoandika maelezo mapya chini ya picha za mwaka 1942 kwa kutumia kanuni ya Kimarekani, na kila rubani anaonekana mjinga.

Na kwa sisi wa huku, chunga filamu zinazobandikwa "Dar es Salaam, Januari 1964", maasi ya Tanganyika Rifles, jeshi la Tanganyika. HMS Centaur, manowari ya Uingereza iliyokuja pwani yetu, ilikuwa na ndege za Sea Vixen na Gannet na helikopta za Wessex, pamoja na helikopta za Belvedere zilizopakizwa Aden. Sea Vixen utaijua kwa mikia miwili na chumba cha rubani kilichosogezwa kushoto. Ukiona ndege ya Scimitar ikiruka kwenye sitaha hiyo, filamu ni ya kwingine.

Mkasi
Umeitaja Scimitar, ngoja niirudie hoja yangu ya nyaya. Tarehe 25 Septemba 1958 Kamanda John Russell alitua na Scimitar kwenye manowari HMS Victorious mbele ya waandishi waliokuwa na kamera. Kulabu ilidaka, waya ukakatika, ndege ikaendelea taratibu hadi ukingoni ikatumbukia baharini. Helikopta ilifika juu yake, kifuniko cha kioo hakikufunguka kwa wakati, naye akafa. Waya kwenye mkanda ni uzi mwembamba tu. Sasa pitisha shoti ile kwenye kifutio bila kinga, uone kama mtazamaji wako ataelewa kwa nini rubani yule "hakushika breki".

Pweza
Shoti hiyo hata mimi singeigusa.