MREJESHO: Simu za intaneti kukatakata ofisini Kirumba

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kwa nini simu za ofisi yetu hapa Kirumba, Mwanza, zinakatakata kila mtu anapopandisha mafaili, wakati laini ina Mbps 10 kushuka na 4 kupanda.

Dawa ilikuwa ushauri wenu wa kubana kasi ya kupanda kwenye ruta hadi Mbps 3.6, yaani asilimia 90 ya kasi iliyopimwa saa za msongamano (kipimo cha alfajiri kinadanganya). Foleni ya data sasa inajipanga kwenye ruta, ambako pakiti (vipande vya data) za sauti zenye alama ya DSCP 46, yaani alama ya kipaumbele, zinatangulia, badala ya kwenye modemu ambako kila pakiti ni sawa na nyingine. Simu 8 kwa mpigo, kodeki (mfumo wa kugeuza sauti kuwa data) ya G.711, zinakula kama kbps 700 kila upande. Moja ni kbps 87 hivi. Kwa hiyo kuhamia G.729, kodeki inayobana sauti zaidi, hakukuhitajika.

Kuzima SIP ALG (kipengele cha ruta kinachobadilisha taarifa za simu za intaneti zinapopita) kumeondoa tatizo jingine, la upande mmoja kutosikia.

Kilichogoma: simu mbili za Wi-Fi za stoo bado zinakwaruza. Kipaumbele cha ruta hakisaidii msongamano wa hewani, hivyo hizo zinasubiri kuvutiwa waya.