Meza nyembamba ya ukumbini: paini, mtiki au blokibodi kwa hali ya hewa ya Tanga?

Mwana_Chumbageni
Wakuu, salaam. Nataka kujiundia meza nyembamba ya kuegesha ukutani: urefu sm 120, upana sm 32, kimo sm 80, haina droo. Vifaa ni msumeno, randa ya mkono, drili, patasi na klempu nne. Njia zimebaki tatu, naomba mnilinganishie:
1. Paini: miguu inchi 2x2, reli (mbao zinazounganisha miguu) 1x4, juu vipande vitatu vya 1x6 vikipunguzwa upana vitoshe sm 32, vyote vikazwe kwa skrubu.
2. Mtiki wa Longuza (shamba la miti huko Muheza), vipimo hivyohivyo, kwa ulimi na tundu, yaani ncha ya reli iliyochongwa izame kwenye shimo la mguu.
3. Juu blokibodi (ubao wa kiwandani wa vipande vilivyogandishwa kati ya tabaka nyembamba) ya mm 18, miguu ya paini.
Kwa paini nimepiga hesabu ya mbao tatu za futi 12: moja miguu, moja reli, moja juu.

Fundi_Barabara12
Miguu na reli sawa, ila hesabu ya juu imekukimbia, mkuu. Futi 12 ni sm 366. Ukigawa kwa tatu ni sm 122, na hapo msumeno bado haujala wake, karibu mm 3 kila unapopita. Ncha nazo huwa na nyufa. Ukiondoa sm 4 kila upande umebaki na 358, vipande vitatu havifiki 120. Ama meza iwe sm 115, ama ununue mbao ya pili.

Njia ya 1 sikushauri kwa jinsi ulivyoiandika. Skrubu inayopita mguuni na kuingia kwenye kichwa cha reli inakwenda sambamba na nyuzi za mbao, kwa hiyo meno yake hayana cha kung'ata. Halafu mguu wa sm 78 ni wenzo mrefu, kiungo chake ni sm 9 tu. Meza ikisukumwa kwa ubavu mara kadhaa inaanza kucheza, na kukaza tena skrubu hakusaidii, tundu limeshapanuka.

Paini ile ile ipige ulimi na tundu. Reli ikisharandwa inabaki kama mm 20. Ulimi uwe theluthi, mm 7 au 8 kufuatana na patasi uliyonayo, urefu mm 25. Tundu lichimbe mm 27, hizo mbili za ziada ni nafasi ya gundi. Ukilichimba sawasawa na ulimi, gundi inakosa pa kwenda, kiungo hakifungi hata ukaze klempu vipi. Matundu mawili ya mguu mmoja yakikutana ndani, kata ncha za ndimi mshazari nyuzi 45.

Binti_Makorora
Kama ulimi unamtisha, vijiti vya mviringo vya mm 8 vinatosha, viwili kila kiungo, vizame mm 25 kila upande. Vinahitaji drili iliyosimama wima kabisa. Kijiti kikipinda mm 1 fremu nzima inakaa msobemsobe, na hakuna klempu itakayoinyoosha.

Mzee_Randa
Mmeruka jambo kubwa: unyevu. Huku pwani mbao inavimba masika, inasinyaa kaskazi. Sehemu ya juu ya paini, yenye upana wa sm 32, inaweza kutembea mm 2 hadi 3 mwaka hadi mwaka. Ukiigandisha kwa gundi kwenye reli, au ukiikaza skrubu kwenye matundu yanayobana, itapasuka katikati au ipinde kama kigae. Tumia vibanio vya mbao: chimba mfereji wa mm 8 upande wa ndani wa reli, sm 1 chini ya ukingo, kibanio kiingie ulimi wake mle na kikazwe kwa skrubu kwenye ubao wa juu tu. Sita vinatosha, na viachiwe nafasi ndogo mferejini.

Mbao usiinunue leo ukaunda kesho. Ipange ndani ya nyumba juu ya vijiti vya inchi 1, wiki tatu. Kuipima: kata kipande cha sm 2 mbali na ncha, kipime kwa mizani ya jikoni, kikaushe kwenye oveni nyuzi joto 103 hadi uzito usipungue tena. Kilichopotea gawa kwa uzito mkavu. Gramu 62 zikishuka hadi 54 ni 8 kwa 54, karibu asilimia 15. Hiyo kwa Tanga inafaa. Ikisoma 20 na zaidi, iache.

Mwana_Chumbageni
Nimekupata, mzee. Basi blokibodi, isiyotembea, si ndiyo salama?

Binti_Makorora
Kwa kutembea, ndiyo: hiyo unaikaza moja kwa moja. Taabu yake ni kingo. Bandika ukanda wa mtiki au paini wa mm 8 pande zote nne, na vanishi ipite chini pia. Maji ya kudekia hayafiki huko juu, lakini chombo cha maua kikivuja kila siku tabaka litaachia. Na usinunue shiti nzima ya futi 8 kwa 4 kwa meza moja. Ulizia vipande vilivyobaki.

Fundi_Barabara12
Mimi blokibodi sina ugomvi nayo, ila ikikwaruzwa huirandi upya.

Mtiki sasa. Wa Longuza mwingi unaouzwa kwa bei nafuu ni miti michanga ya kupunguzia shamba, na weupe, mbao laini ya nje ya mti, ni mwingi. Weupe huo wadudu wanaubungua kama mti mwingine. Sifa ya mtiki iko kwenye kiini cha kahawia. Chagua kwa kutazama kichwa cha mbao, si ubavu. Tena una mafuta: futa kiungo kwa tina (ya kuzimulia rangi), subiri dakika chache kikauke, paka gundi papo hapo. Ukifuta asubuhi ukagandisha jioni, mafuta yamesharudi. Andaa na jiwe la kunolea, maana mtiki unakula makali ya randa.

Anayeunda kwa mara ya kwanza aanze na paini.

Mzee_Randa
Naunga mkono. Vifundo vya paini vipake sheleki (rangi angavu ya kuziba mbao) kabla ya vanishi, la sivyo utomvu utatokeza. Msasa 80, 120, 180, kufuata nyuzi. Skrubu ziwe za shaba au chuma kisichoshika kutu.

Kisha ishike ukutani. Upana wa sm 32 kwa kimo cha 80, mtoto akining'inia inamwangukia. Kona mbili za chuma chini ya reli ya nyuma zinatosha, matundu yake ya upande wa mbao yawe marefu kidogo. Kama nyumba ni ya zamani, ya mawe na chokaa, plagi ya skrubu ya sm 4 inaishia kwenye lipu. Toboa sm 8 hadi ufike jiwe.