MJADALA: Mama mwenye VVU awaambie watoto wake, au anyamaze?

Mleta mada:
Nianze na msimamo wangu ili anayenipinga ajue pa kushika. Mama anayeishi na VVU awaambie watoto wake, tena asisubiri wawe watu wazima. Najua hoja ya upande wa pili: mtoto ataanza kuhesabu siku za mama yake. Hofu hiyo ilikuwa na mashiko enzi ambazo dawa hazikuwapo. Leo mama anayemeza ARV kila siku, virusi vikafubaa hadi kipimo kisivione, anaweza kuzeeka na wajukuu, na hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana.

Kinachoitesa familia sasa ni kuficha. Vidonge vinahamishiwa kwenye chupa isiyo na lebo. Wageni wakilala nyumbani, dozi inarukwa. Kichanga akipewa dawa ya maji ya kumkinga na maambukizi, mama mkwe anauliza ni ya nini, anadanganywa. Watoto wakubwa wanayaona yote hayo, na wasipoelezwa wanabuni wenyewe, mara nyingi jambo baya kuliko ukweli.

Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilishauri watoto wa umri wa shule waelezwe hali ya mzazi wao, na wadogo zaidi waelezwe kidogo kidogo kadiri wanavyoweza kuelewa. Anayepinga aje na hoja.

Mama wa Watatu:
Ndugu mleta mada, wewe unazimeza hizo dawa? Mimi nazimeza. Mwanangu wa miaka 8 hawezi kuficha hata zawadi aliyomnunulia dada yake, ndiyo nimkabidhi hili? Akiropoka shuleni, yeye ndiye atakayekosa wa kucheza naye, na alishapimwa, hana maambukizi. Mwongozo hauishi na majirani zangu. Mkubwa wangu ana miaka 16, huyo anajua, na ndiye anayenikumbusha dawa.

Mpita Njia:
Ukimwi wa mtu ni wa mtu. Watoto wasome.

Kifungua Mimba:
Mpita Njia, umepita kweli.
Dada, kwa huyo wa miaka 16 ndipo ninaposita. Nimelelewa na mama mwenye VVU, nikaambiwa nikiwa na miaka 11. Kujua hakukuniumiza. Kilichoniumiza ni kuambiwa nisimwambie mtu, hata baba. Nikawa nesi, mlinzi wa siri na mwongo wa familia kwa wakati mmoja. Baba akiuliza mama kaenda wapi, natunga mimi. Wa kwako analala vizuri?

Mleta mada:
Basi tugombanie zamu badala ya umri. Mtoto asiwe wa kwanza kujua, wala asiwe pekee. Aanze mtu mzima mmoja wa kuaminika, ili mtoto akitaka kulia awe na pa kwenda ambapo si kwa mama yake. Na sisemi lazima awe mume: wapo wanaopigwa na kufukuzwa kwa kusema, ndiyo maana kliniki zina washauri nasaha wa kumsaidia mama kupanga amwambie nani, lini na vipi. Dada, mbali na mwanao, nani mwingine anajua?

Mama wa Watatu:
Hakuna. Nilikuwa namfikiria wifi yangu. Kliniki yangu ni wiki ijayo, nitaanza kwa mshauri. Ila yule wa miaka 8 msahauni kwanza.