Hivi mtu unaanzaje kutoboa kichwa cha gitaa kwa DRILI YA UKUTANI?!

Nyuzi Sita:

Salamu baadaye. Yule fundi magitaa na spika wa Kariakoo, yule wa ghorofani ambaye kumfikia unapanda ngazi huku unaruka mabegi ya watu, mnamjua. Msijifanye hamumjui. Nusu ya bendi za harusi za mji huu zimeshapeleka vitu kwake, na nusu nyingine zimeshalia. Leo kanitobolea gitaa langu kwa drili ya ukutani.

Someni tena taratibu. Drili. Ya ukutani. Ile inayogonga huku inazunguka. Na ncha yake ilikuwa nyeupe pee kwa vumbi la zege, kwa sababu asubuhi alitoka kumfungia mtu televisheni huko Ilala.

Nikapiga kelele, "Fundi, fundi, fundi!" Akazima. Akanitazama kwa upole kabisa, andazi mdomoni, akaniambia: "Kaka, mbao ni mbao."

MBAO NI MBAO.

Kwa wasiojua haya mambo, nielezee haraka kabla presha haijanipanda tena. Gitaa langu ni la umeme, Stratocaster ya zamani, zile ambazo pegi zote sita zimejipanga mstari mmoja upande wa juu wa kichwa. Pegi ndiyo kile kidude cha kukazia uzi. Ndani kuna skrubu ndogo inayosukuma gurudumu la meno, na gurudumu ndilo linalozungusha kijiti kilichoshika uzi. Zangu zilikuwa za mtindo wa kale wa Kluson, meno yamelika. Uzi wa tatu naukaza vizuri, tunaingia ubeti wa kwanza safi, kiitikio kikifika umeshashuka. Mwalimu wa kwaya ananitazama kama nimeiba sadaka.

Basi nikajichanga, nikaagiza seti mpya. Za kisasa, zimefunikwa na grisi iko ndani humo humo, uwiano wa 18 kwa 1, yaani sikio la pegi, pale unaposhika kwa vidole, unalizungusha mara 18 ndipo kijiti kizunguke mara moja. Ukikaza unaenda kidogo kidogo mpaka sauti inakaa penyewe. Nililala nazo kitandani, sioni aibu kusema.

Sasa kazi yenyewe. Tundu la pegi za kale ni kama milimita 8.7. Za kisasa zinataka 10. Tofauti ni milimita moja na chenji! Haitobolewi, INAPANULIWA. Kuna kile chuma chenye makali ubavuni, chembamba mbele kinanenepa nyuma, unakiingiza unazungusha kwa mkono, unatoa, unajaribisha pegi, unazungusha tena. Kwa sababu drili ikikuta tundu ambalo tayari lipo inarukaruka, inang'ata pembeni, inabandua rangi, na mbao ikiamua kupasuka inapasuka kufuata nyuzinyuzi zake. Haya yote nilimweleza. Nikamwandikia na karatasi: MILIMITA 10, KWA MKONO. Karatasi akaiwekea kikombe cha chai juu yake.

Nikageuka kidogo tu kupokea simu. Sauti niliyoisikia nina hakika hata waliokuwa kwenye pantoni la Kigamboni waliisikia.

"Kaka, mbao ni mbao."

Huyu ni mtu mzima, ana watoto, kodi ya fremu analipa kwa pesa za magitaa! Ingekuwa mbao ni mbao si ningenunua mlango pale Buguruni nikaufunga nyuzi?

Hasara sasa. Kuna ufa kutoka tundu la pili mpaka la tatu. Pegi ya sita imelala upande. Skrubu zile ndogo za kushikilia pegi kwa nyuma kazikandamiza moja kwa moja, hajatoboa vitundu vyembamba vya kuanzia, wala hajazipaka hata sabuni ziteleze. Moja ikakatika kichwa, mwili ukabaki ndani ya mbao. Nikamwambia fundi, imekatika hii. Akachungulia. Akasema, "Hiyo haitoki tena. Ndiyo uimara."

NDIYO UIMARA, wakuu.

Halafu bei. Tulipatana elfu thelathini. Ananidai thelathini na tano. Ya nini? Eti ncha yake ya drili imeharibika kwenye gitaa langu. Ncha inayotoboa kuta za Ilala, imeharibiwa na gitaa! Si alisema mbao ni mbao? Sasa mbao imemshindaje?

Jumamosi nina harusi Ukonga. Siombi ushauri. Nataka tukasirike wote.

Jongoo wa Tegeta:

Nimewahi siti ya mbele. Picha ya huo ufa iko wapi? Bila picha hii ni chai.

Besi Nne:

"Ndiyo uimara" 😂😂😂 nimecheka mpaka kondakta kanigeukia. Huyo fundi ndiye yeye, hakuna mwingine. Ampi yangu nilimpelekea inakoroma, akairudisha haikoromi ila inashika redio. Ibada ya kwanza, mchungaji yuko kwenye maombi ya toba, besi inatangaza kona ya Yanga.

Mtoto wa Mbagala:

Kwa hiyo umefungua uzi mzima kwa ajili ya tundu.

Nyuzi Sita:

@Mtoto wa Mbagala siyo tundu, ni KAULI. Angenitobolea akasema "samahani kaka, mkono umeteleza," mimi ningenyamaza, ningeenda kulia nyumbani. Lakini andazi mdomoni, mtu anakwambia mbao ni mbao!

@Jongoo picha nitaweka mikono ikitulia.

Mzee wa Rizimu:

Kijana, pole. Ila ulikurupuka. Uzi wa tatu kushuka mara nyingi si pegi. Angalia pale mwisho wa shingo, kile kipande cha mfupa ambacho nyuzi zinapita kabla ya kuingia kwenye pegi. Kijifereji kikibana, uzi unanasa, ukivuta nyuzi unapiga solo unaachia na sauti inaondoka. Dawa yake ni penseli ya kawaida, unapaka ule weusi ndani ya kijifereji. Pia uzi usiuzungushe kwenye kijiti mpaka ukajaa, mizunguko miwili au mitatu inatosha. Na ukityuni, anzia chini upande juu. Ukipitiliza, shuka chini kabisa kisha upande tena. Sisi hatukuwa na pegi za grisi na tulipiga mpaka alfajiri.

Hiyo skrubu iliyokatika inatoka. Mtafute mtu mwenye subira. Tundu litakalobaki jaza njiti za meno na gundi ya mbao, ikikauka kata, toboa upya kwa ncha nyembamba.

Nyuzi Sita:

Mzee shikamoo. Nakuheshimu sana, lakini penseli nimepaka mpaka mdogo wangu akakosa ya kuandikia shule. Na meno ya pegi nimeyaona kwa macho, yamekuwa laini. Tatizo langu la leo siyo uzi wa tatu. Tatizo langu ni mbao ni mbao.

Mzee wa Rizimu:

Marahaba. Hasira nayo hushusha nyuzi.

Chumvi Kiasi:

Mnamwonea bure fundi wa watu. Mimi alinibadilishia pegi za gitaa kavu, lile lisilo la umeme, tatu huku tatu huku, mpaka leo linasimama vizuri. Tena alinikopesha. Ninyi mnapenda mambo ya milimita, nendeni Ulaya.

Nyuzi Sita:

@Chumvi Kiasi lako zilirudishwa pegi za mtindo ule ule kwenye matundu yale yale! Hapo hata mimi ningefunga kwa bisibisi ya miwani. Mwambie akuwekee za milimita 10 uone kama hutahama mtaa.

Chumvi Kiasi:

Kwani ulilazimishwa kununua za 10? Pegi za kisasa zenye shingo nyembamba za kuingia kwenye matundu ya kale zipo. Ungeuliza.

Besi Nne:

Aaah hapo umemshika pabaya 😂

Nyuzi Sita:

Kwa hiyo sasa mtobolewaji ndiye mwenye makosa. Sawa. Endeleeni.

Jongoo wa Tegeta:

Bado nasubiri picha.

Fulana Nyekundu:

Mafundi wa mji huu wote ni wamoja. Friji langu lilikuwa halishiki baridi, fundi kaja na begi kubwa, kalifungua, kalifunga, kaondoka na elfu arobaini yangu. Sasa linashika baridi kwa nje. Kwa ndani nyanya zinaiva.

Mtoto wa Mbagala:

Afadhali friji. Mimi simu nilipeleka kubadilisha kioo pale Mwenge, ikarudi na kioo kipya na laini ya mtu mwingine. Napigiwa na mkewe mpaka leo, ananiuliza nitarudi lini.

Fulana Nyekundu:

Sasa hujamjibu?

Mtoto wa Mbagala:

Namjibu niko njiani. Foleni.

Besi Nne:

😂😂😂 huu uzi usifungwe.

Nyuzi Sita:

Jamani tuko kwenye gitaa langu.

Kandambili:

Mzee wa Rizimu, umesema mlipiga mpaka alfajiri. Bendi gani hiyo, tusije tukadanganywa?

Mzee wa Rizimu:

Bendi sitaitaja, wenzangu wengine wako hai na wana midomo. Ila mimi ni mtu wa Msondo tangu inaitwa NUTA Jazz, bendi ya mwaka 1964. Ikawa JUWATA, ikawa OTTU, jina likabadilika, magitaa hayakubadilika. Mpiga rizimu wa zamani ukimpa gitaa lenye pegi mbovu anajua uzi gani unashuka dakika ya ngapi, anaunyanyua kwa kidole katikati ya wimbo na dansi linaendelea. Ninyi mnataka mashine iwafanyie kila kitu.

Kandambili:

Msondo bendi nzuri, sikatai. Lakini kwa magitaa yaliyopishana, kila mmoja na njia yake, huwezi kuipita Mlimani Park, yaani Sikinde. Imeanza 1978, imewakuta mko barabarani na ikawapita.

Mzee wa Rizimu:

Iliwapita akina nani?

Kandambili:

Mzee usikasirike, nimesema magitaa tu. Tarumbeta sijagusa.

Mzee wa Rizimu:

Kijana, wewe Sikinde umeisikilizia kwenye simu. Mimi nimesimama DDC Kariakoo jasho linanitoka mpaka kwenye soksi. Hatuwezi kubishana.

Chumvi Kiasi:

Hapo ndipo mlipo, Msondo na Sikinde. Mbona hamsemi bendi ipi iliwahi kulipa mafundi wake?

Nyuzi Sita:

Nimeweka picha. Angalieni pegi ya sita. ANGALIENI.

Jongoo wa Tegeta:

Nimeangalia. Mkuu, hicho kidole gumba kwenye picha kina nini? Kucha imekuwa nyeusi.

Besi Nne:

Mimi nimeona pazia nyuma. Hilo pazia zuri, umenunua wapi?

Nyuzi Sita:

Pazia ni la mke wangu! Ulizeni kuhusu GITAA!

Dada wa Sinza:

Samahani naingilia, ila nimesoma "hiyo haitoki tena, ndiyo uimara" nikamkumbuka fundi cherehani wangu. Gauni la sendofu ya dada yangu, nimempa kitambaa cha kutosha na picha ya mshono. Nimeenda kuchukua jioni ya shughuli, zipu imeshonwa kwa ndani. Namuuliza nitaivuta vipi, ananiambia, "Dada, utasaidiwa." Nimesaidiwa na watu watatu kuvaa na watano kuvua.

Fulana Nyekundu:

😂😂 "utasaidiwa"

Mtoto wa Mbagala:

Huyo ndiye fundi wa mwaka. Wa drili kashindwa.

Nyuzi Sita:

Kashindwaje?! Zipu inafumuliwa! Ufa wa mbao unafumuliwa?

Kandambili:

Dada wa Sinza, huyo fundi ni yule wa karibu na kituo, mwenye vitambaa vya watu mpaka juu ya feni?

Dada wa Sinza:

Huyo huyo. Usiniambie na wewe.

Kandambili:

Mke wangu ana vitenge viwili kwake tangu kabla ya Ramadhani. Akipigiwa anasema yuko kwenye kola. Kitenge chenyewe hakina kola.

Besi Nne:

Mwambieni amalizie na suti yangu jamani, Jumamosi napiga harusi Ukonga.